Zaire ya Daftari na Zaire ya Mama

Mwezi wa Septemba, mwaka wetu wa matriki, mmoja wetu alikuwa akizunguka sebuleni ameshika karatasi mbili za fotokopi. Alikuwa akisema kwa sauti, kwa Kiingereza, neno kwa neno: mwaka 1971 nchi ikaitwa Zaire, mwaka 1972 watu wakaamriwa kubadili majina, Novemba 1973 Mobutu akatangaza kwamba biashara za wageni zitakabidhiwa Wazaire. Akifika mwisho anarudi mwanzo. Mama yake alikuwa jikoni akipika sombe. Kiingereza cha mama si kingi, lakini jina la Mobutu halihitaji mkalimani. Akatokea mlangoni na mwiko mkononi, akauliza kwa Kiswahili chao cha Bukavu: "Munasoma bintu byetu na hamutuulizi?"

Makala haya yametokana na swali hilo.

Sisi tulioyaandika ni watatu, na sote tumekulia katika magorofa ya Albert Park. Mama wa mmoja wetu anatoka Bukavu, baba wa mwingine anatoka Kigoma, na baba wa yule wa tatu alikuwa mwalimu wa sekondari Uvira kabla hajafika Durban na kuwa mlinzi wa magari. Mtaala wetu wa historia wa darasa la 12 hapa Afrika Kusini ulikuwa na sura inayohusu Afrika huru, na nchi zilizolinganishwa katika sura hiyo zilikuwa Kongo na Tanzania. Kwa hiyo watoto wa Kongo na Tanzania tulikaa Albert Park tukikariri habari za Kongo na Tanzania kutoka kwenye fotokopi, na wazazi wetu wakapunguza sauti ya televisheni ili wasitusumbue.

Kwa wasioijua Albert Park: ni mtaa ulio kati ya katikati ya jiji na bandari, wenye majengo ya fleti yanayoizunguka bustani iliyoupa jina. Chini ya sheria za ubaguzi wa makazi ulikuwa mtaa wa Wazungu. Katika miaka ya 1980 watu wengine walianza kupanga humo kimyakimya, kabla sheria yenyewe haijafutwa mwaka 1991. Baada ya 1994 wakaja watu wa Kongo, Burundi, Rwanda na Tanzania. Leo ukipita jioni Diakonia Avenue, ambayo zamani iliitwa St Andrew's Street, utasikia Kiswahili cha aina tatu au nne kabla hujafika kona.

Tulipoingia chuo kikuu tulisikia mara nyingi kwamba wanafunzi wa Kiafrika hukariri kwa sababu ndiyo mila yao. Jambo hilo lilituudhi, tukaamua kulichunguza kama wanafunzi wa historia wanavyopaswa. Mazoea haya ya kukariri kwa ajili ya mtihani yametoka wapi?

Tuanze na lugha. Kiswahili kina neno kukariri na kina neno kuhifadhi. Kukariri ni kurudiarudia. Kuhifadhi ni kuweka kitu kisipotee ili kije kutumika. Mtoto wa pwani anapopelekwa chuoni huanza kuhifadhi sura fupi za Kurani kabla hajajua Kiarabu, na hakuna anayedhani kwamba kazi imeishia hapo. Baadaye huja darsa, na sheikh anafasiri. Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy wa Zanzibar alitumia miaka mingi kuitafsiri Kurani kwa Kiswahili, na tafsiri yake kamili ikachapishwa mwaka 1969, kwa faida ya watu ambao wengi wao walikuwa na maneno yale kifuani tangu utotoni. Hapo kuhifadhi ni hatua ya kwanza na kufahamu ni hatua ya pili. Mila hiyo haikuwafundisha watu kuishia njiani.

Waliotufundisha kuishia njiani ni wengine. Tanganyika ya kikoloni, kama Kenya na Uganda, ilitahiniwa na Cambridge. Maswali yalitungwa Uingereza, na majibu yakasafirishwa kwa meli kwenda kusahihishwa huko huko. Fikiria hali ya mtahiniwa. Hamjui anayeuliza, na anayeuliza hamjui yeye. Hawezi kukisia mtu huyo ataona nini kuwa jibu la akili, kwa hiyo njia ya salama ni kurudisha maneno ya kitabu kama yalivyo. Mtihani wa mbali huzaa jibu la kasuku. Tunaona sababu hiyo inaeleza mengi kuliko neno mila.

Tanzania ililigundua tatizo hili mapema. Machi 1967, mwezi mmoja tu baada ya Azimio la Arusha, Julius Nyerere alitoa andiko lake la Elimu ya Kujitegemea. Humo alisema kwamba mitihani ya wakati ule ilipima uwezo wa kujifunza habari na kuzitoa kwa saa maalumu, wala si mara zote ilifaulu kupima uwezo wa kufikiri, na haikupima kabisa tabia ya mtu. Serikali haikuishia kwenye maneno. Mwaka 1971 Tanzania ilijitoa katika baraza la mitihani la Afrika Mashariki, na mwaka 1973 ikaunda Baraza lake la Mitihani. Novemba 1974 likaja Azimio la Musoma, lililotaka kijana afanye kazi kwanza kabla ya kwenda chuo kikuu, na lililotaka maendeleo ya mwanafunzi ya kila siku yahesabiwe pamoja na mtihani wa mwisho. Alama hizo za darasani zilianza kuhesabiwa mwaka 1976.

Tulimpelekea habari hizi baba wa Kigoma, tukidhani tumepata ushindi. Akacheka mpaka akakohoa. Alisoma sekondari miaka ya 1980, wakati Siasa lilikuwa somo lenye mtihani wake. "Wanangu," alisema, "Elimu ya Kujitegemea tuliikariri. Malengo yake yote, kwa namba. Ukisahau moja, alama imeondoka." Andiko lililopinga kukariri liligeuzwa kuwa kitu cha kukaririwa. Kisha akatukaririshia maana ya usanisinuru kwa Kiingereza, sentensi ndefu isiyo na kosa hata moja, aliyoibeba kwa zaidi ya miaka thelathini. Tulipomwomba atueleze kwa Kiswahili mmea unafanya nini hasa, akanyamaza kidogo. Akasema: "Hilo halikuulizwa."

Upande wa Kongo, mama wa Bukavu alifanya Mtihani wa Taifa, ule wanaouita kwa Kifaransa Examen d'État. Sehemu yake kubwa ni maswali ya kuchagua jibu moja kati ya kadhaa. Matokeo yakitoka, waliofaulu humwagiwa poda nyeupe kichwani na barabara nzima hujua. Mama anaikumbuka poda kuliko maswali. Lakini anakumbuka kitu kingine pia, ambacho hakikuwa kwenye fotokopi yetu. Shuleni, chini ya chama kimoja cha MPR, watoto waliimba na kucheza nyimbo za kumsifu Mobutu. Nyingi zilikuwa kwa Kilingala. Mama alikuwa mtoto wa Kivu, mwenye Kiswahili na Kishi nyumbani na Kifaransa darasani. Aliziimba zote bila kukosea hatua, na hakujua zilisema nini. "Tuliimba tu," anasema. Mtoto wake naye, miaka arobaini baadaye, akawa anazunguka sebuleni Durban akikariri, kwa lugha ya watu wengine, kwamba Mobutu alilazimisha watoto kuimba.

Ndipo tulipoanza kuhisi kwamba swali la kukariri ni swali la lugha. Historia ya nchi hii tunayoishi inathibitisha. Sheria ya Elimu ya Wabantu ya mwaka 1953 iliwaweka watoto Weusi katika mfumo wao wa chini, uliotengenezwa kwa makusudi usiwafikishe mbali. Mwaka 1974 serikali ikaamuru kwamba shule zao za sekondari zifundishe nusu ya masomo, yakiwemo hisabati na maarifa ya jamii, kwa Kiafrikana. Wanafunzi walikuwa hawakijui vya kutosha, na wengi wa walimu wao vilevile. Juni 16, 1976, wanafunzi wa Soweto waliandamana, na polisi wakawapiga risasi. Tuliikariri tarehe hiyo kama kila mtoto wa Afrika Kusini. Hatukuwahi kujiuliza mwanafunzi yule, kabla hajashika bango, alikuwa akifanya nini usiku na daftari la hisabati lililoandikwa kwa lugha asiyoielewa. Alikuwa na njia mbili tu: akariri au akatae.

Baada ya 1994 serikali mpya ilitaka kuachana na ukasuku. Mtaala uliozinduliwa mwaka 1997, ulioitwa Curriculum 2005, ulisisitiza kile mwanafunzi anachoweza kufanya kuliko kile anachoweza kurudia. Ulikosolewa na kurekebishwa, lakini wazo halikufa. Cheti cha sasa cha matriki kilitahiniwa kwa mara ya kwanza mwaka 2008, na mtihani wake wa historia umeundwa kwa nia njema. Nusu ya maswali yake humpa mtahiniwa vyanzo, kama vile barua, picha na katuni, avichambue. Nusu nyingine ni insha za alama 50, na msahihishaji anatakiwa kutafuta hoja inayosimama tangu mwanzo hadi mwisho.

Na bado tulikariri. Mwalimu wetu, ambaye hatumlaumu kwa sababu darasa lilijaa kuliko madawati, alitugawia insha zilizokwisha kuandikwa. Kazi yetu ilikuwa kuzimeza na kuomba Mungu swali lifanane. Taarifa ambazo wizara huchapisha baada ya mitihani zimeonya mara nyingi kuhusu insha za namna hiyo, zilizokaririwa na kuandikwa bila kujali swali linauliza nini. Kwa hiyo nchi mbili zilijaribu kubadili mtihani, kila moja kwa wakati wake, na daftari la kukariri likabaki palepale juu ya meza.

Sababu yake, kwa maoni yetu, ni kwamba kuelewa huanza na kuuliza, na kuuliza kunahitaji lugha ambayo mtu haioni aibu kukosea ndani yake. Mwaka 1982 tume ya rais nchini Tanzania, iliyoongozwa na Jackson Makweta, ilipendekeza sekondari ifundishwe kwa Kiswahili kuanzia mwaka 1985. Serikali haikukubali. Miaka ishirini baadaye, mwaka 2002, ulianza mradi wa utafiti ulioitwa LOITASA, uliowakutanisha watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wa Chuo Kikuu cha Western Cape hapa kwetu, na wa Oslo. Walipolinganisha madarasa ya Tanzania yaliyofundishwa somo lilelile, moja kwa Kiswahili na jingine kwa Kiingereza, waliona darasa la Kiswahili likiuliza na kubishana, na la Kiingereza likinukuu ubaoni na kunyamaza. Mtu asiye na lugha ya kuuliza atafanya nini zaidi ya kukariri?

Sisi tulikuwa na lugha hiyo, ila tuliiacha mlangoni. Kiingereza kilikuwa cha shule, Kizulu cha barabarani, Kiswahili cha kuitwa kula. Mwaka 2018 Waziri wa Elimu ya Msingi alitangaza kwamba Kiswahili kitaruhusiwa kama somo la hiari katika shule za Afrika Kusini, tukafurahi, lakini katika shule zetu hakikufika. Hatukuwahi kufikiri kwamba kinaweza kuingia kwenye karatasi ya historia kwa mlango wa jikoni.

Turudi basi kwa mama na mwiko wake. Jioni ile alikaa, akaacha sombe ijipike, akasimulia. Babu alikuwa mtunza stoo katika duka la mfanyabiashara Mgiriki mjini Bukavu. Baada ya tangazo la Novemba 1973 duka likapewa mkubwa mmoja ambaye hakuwahi kuuza hata kiberiti. Kwa miezi michache watu walikula vizuri, kwa sababu mali iliyokuwamo iliuzwa na mpya haikuagizwa. Kisha rafu zikabaki tupu. Kilichoisha kwanza nyumbani kwao kilikuwa chumvi. Bibi alikuwa akitembea asubuhi nzima kutafuta chumvi, katika mji wenye ziwa na mashamba pande zote. Mwaka 1976 serikali ikaanza kuwaita wenye mali warudi. Mgiriki wa babu hakurudi.

Mwenzetu aliandika habari ya chumvi katika mtihani wa majaribio. Lazima tuseme kweli hapa, maana historia si ngano: alipata alama 29 kati ya 50. Mtoto wa Uvira, aliyeitapika fotokopi yote bila kuacha nukta, alipata 38. Msahihishaji aliandika pembeni mwa chumvi: ushahidi uko wapi, mwaka gani, unathibitisha nini? Mwenzetu alilia. Baadaye alikubali kwamba msahihishaji alikuwa na haki. Chumvi peke yake ni hadithi. Ilihitaji 1973 na 1976, ilihitaji jina la sera na hoja kwamba kubadilisha mwenye duka si sawa na kujenga uchumi. Vitu hivyo vilikuwa kwenye karatasi alizokuwa amezikariri. Bila tarehe zile asingejua hata amuulize mama nini. Bila mama, tarehe zile zingebaki namba. Katika mtihani wa mwisho aliviweka pamoja, na alifaulu vizuri.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi tulikuwa na daftari, na mali ilikuwa jikoni.

Yule wa tatu, mwenye alama 38, naye alifaulu. Ndiye anayeshika kalamu katika aya hii kwa niaba yetu sote, nasi tumemwomba asiifute. Baba yake alifundisha historia Uvira. Alitembea na mitaala ya Zaire kichwani, alijua vitabu vilivyoondolewa madarasani na vilivyoingizwa, na kila jioni alirudi nyumbani amevaa koti la kung'aa la mlinzi wa magari, akakuta mwanawe anakariri Kongo. Alikuwa akisimama kidogo mlangoni. Tunadhani alikuwa akisubiri kuulizwa. Kulikuwa na mtihani Jumatatu na muda haukutosha. Alifariki mwaka uliofuata, mwezi wa Juni. Zile karatasi za fotokopi bado zipo, na mwanawe bado anaweza kuzisema zote kwa moyo.

Hatuandiki haya kuwaambia wadogo zetu waache kukariri. Mtihani wa saa tatu hauna huruma kwa asiyekumbuka, na walimu wetu wanaosoma gazeti hili wanajua hivyo kuliko sisi. Tunachopendekeza kwa chama ni kidogo. Kabla ya mitihani ya matriki, ambayo huanza Oktoba, tukutane Jumamosi na wanafunzi wa darasa la 12 wa Albert Park, pamoja na wazazi wao. Kila mwanafunzi alete ukurasa mmoja alioukariri na swali moja ambalo ukurasa huo haukumjibu. Swali liulizwe kwa Kiswahili chochote alicho nacho, cha Bukavu, cha Kigoma, cha Bujumbura au cha kuokoteza. Sisi wa chama tutasaidia kulirudisha jibu katika Kiingereza cha mtihani, lenye tarehe na hoja.

Tumeshamwomba mama wa Bukavu awe wa kwanza. Amekubali, ila ameuliza kama walimu wa chuo kikuu watakuwepo, na kama ni lazima aseme kizungu. Tumemwambia si lazima. Amesema ataanza na chumvi.